Resipi inataka bati la duara, mimi nina bakuli la kioo na sufuria: nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Shangazi amenipa resipi ya mkate wa mayai: mayai 6, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, na iliki. Inasema nitumie bati la duara la inchi 9, moto nyuzi 180, dakika 35. Bati hilo sina. Nina bakuli la kioo la kuokea la inchi 9 kwa 13, na sufuria ya alumini yenye upana wa sentimita 18. Mara ya kwanza nilitumia kioo: mkate ukatoka mwembamba, mkavu, na chini na pembeni umekolea kahawia kama biskuti. Mara ya pili nikatumia sufuria: ukapanda vizuri, nje ukapendeza, lakini nilipoutoa ukabonyea katikati, na ndani bado rojo. Jirani ananiambia kioo si cha keki. Shemeji anasema niongeze moto. Mie nafikiria nizidishe vipimo mara mbili maana bakuli ni kubwa. Mama mkwe anakuja sikukuu na sitaki kupoteza mayai mengine. Nifuate lipi?"

Marahaba, mwanangu. Mayai 12 yameshakwenda na mkate haujapatikana, kwa hiyo nikupe kwanza lililo zuri: kupiga mayai unajua, na resipi ya shangazi haina kasoro. Mkate uliopanda ndani ya sufuria ni ushahidi kwamba povu lako lilikuwa zima. Mikasa yako miwili, mmoja wa ukavu na mmoja wa ubichi, imetoka mahali pamoja. Ulibadilisha unene wa rojo, ukaacha dakika zilezile 35.

Mtu akisoma "bati la inchi 9" hudhani anaambiwa umbo la mkate. Mimi nasoma kimo. Shangazi alimimina rojo kwenye bati lile, likasimama kimo fulani, na kwa kimo hicho joto lilihitaji dakika 35 kufika katikati. Ukihamishia rojo kwenye chombo kingine kimo kinabadilika, na saa haijui.

Tupime basi, maana hapa ndipo penye jibu lako. Rojo la mayai 6 yaliyopigwa vizuri hutoka kama lita moja na nusu. Bati la inchi 9 ni sentimita 23. Nusu ya upana ni 11.5, zidisha 11.5 kwa 11.5, kisha kwa 3.14, unapata eneo la sentimita za mraba 415. Gawa 1,500 kwa 415: rojo linasimama sentimita 3.6. Huo ndio unene wa shangazi, uandike pembeni ya resipi yako. Sufuria yako ya sentimita 18 ina eneo la 254 tu, na rojo lilelile likasimama karibu sentimita 6. Unaona mwenyewe kwa nini ndani hapakuiva.

Kwenye bakuli la kioo hesabu ya karatasi hudanganya kidogo, na nimeona wapishi wazuri wakiteleza hapo. Inchi 9 kwa 13 ni sentimita 23 kwa 33, eneo 759, kwa hiyo ungetarajia rojo lisimame sentimita 2. Lakini vipimo vile huchukuliwa juu ukingoni. Kuta za bakuli la kioo zinalala, pembe zake ni za mviringo, na chini ni padogo kuliko juu. Nililichukua langu, la kipimo hichohicho, nikamimina maji lita moja na nusu na kusimamisha rula: ikasoma sentimita 2 na nusu na kidogo. Nikaendelea kumimina hadi ukingoni. Liliingia lita 2.8. Fanya hivyo na lako kabla ya kugusa yai. Chukua jagi la kupimia, maji ya bomba na rula ya shule. Maji yatakwambia ukweli wa chombo chochote, hata kile kisicho na umbo la kuhesabika.

Sasa kwa nini unene una nguvu hivyo? Rojo la mkate wa mayai ni povu. Resipi yako haina hata beking pauda. Kinachouinua mkate ni hewa uliyoifungia kwenye mayai na mvuke unaotokea ndani yake. Na hewa haipitishi joto upesi, ndiyo maana blanketi la manyoya linakutunza usiku. Joto linaingia kutoka nje, chini na kuta kwanza, halafu linajivuta taratibu kuelekea katikati. Linapopita, mayai na unga vinaganda na kuwa kuta ngumu kuzunguka kila kipovu. Kipovu chenye kuta kinabaki kimesimama mkate ukipoa. Kipovu ambacho kuta zake hazijaganda kinasinyaa mara tu mvuke ulio ndani yake unapopoa. Ndicho kilichokupata kwenye sufuria: pembeni palikuwa pameshaganda, katikati pamesimama kwa mvuke mtupu, na ulipoutoa, mvuke ukapoa na paa likashuka.

Unene ukiongezeka mara mbili, muda hauongezeki mara mbili. Kwa kanuni ya joto peke yake ungekaribia mara nne. Ndani ya oveni haufiki huko kwa sababu joto linaingia na kwa juu pia, lakini unazidi kuliko mtu anavyodhani. Na unene ukipungua, muda unashuka vivyo hivyo. Mkate wako wa kioo, kwa unene ule, nahisi uliiva kwenye dakika ya 23 au 24. Zile nyingine zote ulikuwa unaukausha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na shemeji yako, kwa heshima zote. Ukiongeza moto kwenye rojo nene, nje ndiko kunakoharakishwa. Katikati hapaharakishwi, kwa sababu njia ni ileile na povu ni lilelile. Utapata ganda jeusi, mgongo uliopasuka, na ndani bado maji. Rojo nene huokwa kwa moto mdogo na muda mrefu. Ningekuwa naoka mayai 6 yote kwenye sufuria yako, ningeshusha hadi nyuzi 160, nikae dakika 50 hadi 60, na juu pakishapata rangi nifunike kwa foili bila kuibana. Mkate utatoka, ingawa pembeni patakuwa pakavu kidogo kuliko katikati. Hilo halikwepeki kwa unene wa sentimita 6. Kuna njia bora ya sufuria, nitaifikia.

Jirani naye ana kipande cha ukweli mkononi. Kioo kinaokea keki, na historia yake imeanza na keki hasa. Mwaka 1913, katika mji wa Corning, jimbo la New York, Bessie Littleton alipasukiwa na chombo chake cha kuokea. Mumewe, Jesse, alikuwa mwanasayansi katika kiwanda cha kioo, akamletea nyumbani kitako cha mtungi wa betri uliokatwa, wa kioo kinachostahimili joto. Bibi huyo akaoka ndani yake keki ya sponji, ndugu kabisa wa mkate wetu wa mayai, ikaiva vizuri. Miaka miwili baadaye, 1915, vyombo vya Pyrex vikaingia madukani. Kwa hiyo kioo hakina hatia. Tabia yake tu ni tofauti na ya bati, na resipi ya shangazi iliandikwa kwa bati.

Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 150 kuliko kioo. Bati hupata moto upesi, huusambaza sawasawa, na ukilitoa nje hupoa upesi. Kioo huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi. Tena kinaruhusu sehemu ya mnururisho wa oveni, yaani joto linalosafiri kama mwanga, upenye moja kwa moja hadi kwenye rojo, ilhali bati jeupe linalong'aa hurudisha sehemu kubwa. Matokeo yake, katikati panachelewa, na chini na pembeni panakolea kama ulivyoona. Na mkate unaendelea kuiva hata ukiwa mezani, maana kioo bado kinauchoma. Dawa yake ni kushusha moto kwa nyuzi 15, yaani 165 badala ya 180, na kumpa mkate dakika chache zaidi kuliko ungeokwa kwenye bati kwa unene uleule. Bati jeusi au lile lenye rangi nyeusi ya kutoshika nalo lifanyie vivyo hivyo kwenye moto, kwa sababu nyeusi hunywa joto.

Ila kioo kina jambo moja ambalo sitalisema kwa upole: usikipandishe juu ya jiko, la mkaa wala la gesi wala la umeme, hata kwa dakika mbili za kukausha karameli. Usikitoe kwenye friji ukakiingiza oveni. Usikitue kikiwa cha moto juu ya sinki lenye maji au sakafu ya saruji. Tandika kitambaa kikavu kilichokunjwa au ubao. Upande mmoja ukipoa au ukipata moto ghafla, mwingine haujui, na chombo kizima kinaweza kupasuka vipande mara moja. Kikiwa na ufa au pembe iliyomeguka, kistaafishe, kiwekee vitunguu. Na kikipasuka ndani ya oveni, zima, acha kila kitu kipoe, kisha tupa chakula chote. Hakuna kuchambua.

Sasa wazo lako la kuzidisha mara mbili. Umekaribia, na kwa nia nzuri, lakini lingekumwagikia. Rojo la mayai 12 ni lita 3, na bakuli linaingia 2.8 hadi ukingoni, bado mkate haujapanda. Hata ungefuata eneo la karatasi, 759 kwa 415, ungeambiwa mayai 11, na hayo nayo yangejaza bakuli pomoni. Mkate wa mayai uachie nafasi: rojo liishie theluthi mbili ya kimo cha chombo, au kuzidi kwa kidogo sana. Theluthi mbili ya lita 2.8 ni karibu lita 1.9. Mayai 6 yanatoa lita 1.5, kwa hiyo mayai 8 yanatoa lita 2, na hapo ndipo mwisho. Sukari na unga vifuate uwiano uleule, gramu 265 kila kimoja. Na angalia lilivyojipanga: rojo la lita 2 kwenye bakuli lile linasimama karibu sentimita 3.6. Umerudi kwenye unene wa shangazi bila bati la shangazi.

Hilo ndilo ningelifanya kwa ajili ya mama mkwe. Kioo, mayai 8, nyuzi 165, na uanze kuchungulia dakika ya 33. Nategemea utaiva kati ya 36 na 42, lakini usinishike kwa dakika. Oveni za majumbani zinatofautiana kama watu.

Ukitaka kubaki na mayai 6, nayo ni sawa, ila kubali kwamba utapata mkate mfupi wa kukata vipande vya almasi, mzuri kwa chai ya jioni. Nyuzi 165, uanze kuchungulia dakika ya 22. Na kwa sufuria, njia bora niliyokuahidi ni kupunguza: mayai 4, sukari gramu 130, unga gramu 130. Rojo la lita moja kwenye sufuria ya sentimita 18 linasimama kama sentimita 4, karibu sana na la shangazi, na alumini ni alumini, kwa hiyo moto ubaki 180. Tandika karatasi ya kuokea chini, kwa sababu sufuria nyepesi za kwetu hushika kitako. Mimi binafsi naipenda sufuria kuliko mabati mengi yanayouzwa kwa bei kubwa. Kuta zimesimama wima, na mkate unatoka na kiuno kizuri.

Kuna na vyombo vingine watakavyokushauri, nivipitie haraka. Bati la mraba la sentimita 20 lina eneo la 400, pacha wa duara la 23. Badilisha bila kuwaza. Vikopo viwili vya duara vya sentimita 16 kwa pamoja vina eneo la 402, navyo vinagawana rojo sawa kwa unene uleule. Bati lenye tundu katikati ni zuri sana kwa rojo nene, kwa kuwa joto linapata mlango wa pili. Vyombo vya udongo vichukulie kama kioo.

Asiye na oveni anajua namna ya bibi zetu ya moto juu na moto chini: sufuria juu ya mkaa, mfuniko wa bati, na makaa juu ya mfuniko. Hesabu ya unene ni ileile. Cha kuzingatia ni kwamba makaa mengi yakae juu, chini yabaki machache yaliyokwishatulia, kwa sababu chini sufuria inagusana na moto na juu kuna hewa katikati. Kioo hapo hakiingii kabisa, wala mfuniko wa kioo.

Jambo jingine linalohusu mkate huu hasa. Chombo kichague, kipime, kipake mafuta na kukitandika karatasi, na oveni uiwashe mapema, kabla hujavunja yai la kwanza. Povu la mayai halisubiri. Nimeona mwanafunzi aliyepiga mayai yakawa meupe, mazito, yakidondoka kama utepe, akachanganya unga kwa mkono mwepesi kutoka chini kuja juu, halafu akaanza kufungua makabati akitafuta bati. Alipolipata, bakuli lilikuwa limeshuka robo nzima, na vipovu vinapasuka juu kama mvua kwenye dimbwi. Resipi yenye beking pauda ingemsamehe kidogo. Hii haisamehi.

Na utajuaje umeiva, ikiwa saa si ya kutegemea? Harufu kwanza: iliki inapoanza kukufikia sebuleni, nenda jikoni. Bonyeza katikati taratibu kwa ncha ya kidole. Palipoiva panarudi juu, palipo pabichi panabaki na shimo na panatoa sauti ndogo ya povu. Kingo zinaanza kuachana na ukuta wa chombo. Chomeka kijiti katikati kabisa, sio pembeni, kitoke kikavu. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, katikati pasome nyuzi 95 au zaidi kidogo. Mlango wa oveni usiufungue kabla ya theluthi mbili ya muda kupita, kwa sababu ile hewa ya baridi inawakuta wale vipovu bado hawana kuta. Ukiwa ndani ya kioo, utoe mara tu kijiti kinapotoka kikavu, usiongeze "tano za usalama". Kioo chenyewe kitakuongezea. Usubiri dakika 10, pitisha kisu pembeni, uupindue juu ya waya upoe.

Ikiwa umepima unene, umeshusha moto, na bado chini panaungua wakati juu ni peupe, basi tatizo si chombo tena. Kipimo cha oveni huweza kuandika 180 na ndani kukawa 210. Nunua kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ya oveni, ukiangalie baada ya dakika 20 za kuwasha. Tofauti ikiwa nyuzi 10 au 15, izoee tu na urekebishe kwa mkono. Ikizidi hapo, au moto ukipanda na kushuka wenyewe, au mlango haufungi sawasawa, mwite fundi wa oveni aje aione, usimweleze kwa simu. Ikiwa ni ya gesi na unasikia harufu, usiwashe chochote. Funga mtungi, fungua madirisha, na fundi aje kabla hujaoka tena. Na kama shaka yako ni kwenye povu lenyewe, hilo maandishi hayafundishi vizuri. Nenda kwa shangazi na mayai yako 4, ukasimame karibu naye anapopiga, umwambie akusimamishe mwiko pale anapoona yametosha.

Leo jioni, kabla ya kununua mayai, jaza bakuli maji lita 2 na uchomeke rula. Ikisoma kati ya 3.3 na 3.9, endelea na mayai 8 kama nilivyokuandikia. Ikisoma zaidi, bakuli lako ni dogo kuliko langu, shuka hadi 7, na sukari na unga gramu 230 kila kimoja.